Kadi ya Tano

Jumatano, tarehe 18 Novemba 1998, mirija sita ya DNA ilimwagwa kwenye sinki mbele yangu, na kabla ya saa sita mchana mama mkwe wangu alikuwa amepoteza kazi aliyoifanya kwa miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nimeshika ndoo. Maji ya ile mirija hayakuwa na rangi, na yote kwa pamoja hayangejaza kijiko cha chai.

Tulifanya kazi pamoja, yeye na mimi, katika nyumba ya wanyama ya kituo cha utafiti kilichokuwa kati ya Ruiru na Thika. Yeye alitunza panya weupe. Mimi niliosha vizimba, nikabadilisha maranda ya mbao na kujaza chupa za maji. Ni yeye aliyeniombea kazi hiyo nilipoolewa na mwanawe. Mimi ni mtu wa magharibi, upande wa Kakamega, yeye alikuwa Mkikuyu, kwa hiyo mimi na yeye tulizungumza Kiswahili, chake kikiwa na lafudhi ya kwao na changu cha kwetu. Aliniita muhiki, yaani bibi harusi, hata nilipokuwa na watoto wawili.

Ugonjwa wa wale panya haukuwa ule wetu. Ilikuwa malaria ya panya. Kimelea chake kilitolewa kwa panya wa msituni kule Kongo kabla mimi sijazaliwa, na hakimdhuru mtu. Watafiti wanakitumia kwa sababu kinafanana na kile kinachotuua sisi. Huwezi kukiweka kwenye chupa ya kawaida kikaishi. Kinaishi ndani ya damu, na panya aliye nacho hufa. Kwa hiyo kila Jumatatu tone la damu lilitolewa kwenye mkia wa panya mgonjwa, likachanganywa na maji ya chumvi, likadungwa kwenye tumbo la panya mzima. Jumatatu iliyofuata, vivyo hivyo.

Mama mkwe wangu alikuwa amesoma hadi darasa la pili tu. Tarakimu alizijua, barua hakuweza kusoma. Lakini hakuna aliyekuwa na mikono kama yake. Panya hakumwuma. Mwanafunzi aliyekuwa akisomea digrii yake ya udaktari pale kwetu alijifunza kushika panya kwake.

"Daktari, huyu si mkono wa msichana," alimwambia siku za kwanza. "Ukimshika hivyo ataona unamtaka, na atakuuma."

"Nikimbana atakufa, mama."

"Hafi. Anajua tu wewe ni muoga. Hata mimi najua."

Mwanafunzi aliishi Kahawa Wendani, na akichelewa mama mkwe alimwuliza kama Wendani imehamishwa. Sisi wawili tulitoka Gatongora kwa miguu, tukapita kwenye mibuni, na saa moja tulikuwa tumeshafungua mlango.

Huyo mwanafunzi alikuwa na kazi kubwa. Watu wa ng'ambo walikuwa wakijiandaa kusoma jenomu ya kile kimelea, yaani maandishi yote yaliyo ndani yake, kutoka mwanzo hadi mwisho. Walihitaji DNA safi. Yeye alikuwa ameahidi kuwatolea. Alinieleza siku moja nilipokuwa nikipiga deki, na sikuwa nimemwuliza. Alisema damu ya panya ina chembe nyeupe zenye maandishi ya panya mwenyewe, kwa hiyo lazima damu ichujwe kwanza kwenye poda fulani nyeupe, la sivyo wale watu watasoma panya wakidhani wanasoma malaria. Pia alisema kimelea kikipitishwa mara nyingi mno kwa sindano, bila kuingia ndani ya mbu, kinaanza kuzembea. Kinapoteza sehemu za maandishi yake. Kinasahau kutengeneza wa kike na wa kiume, ambao mbu huwahitaji ili kukibeba, kwa sababu sindano haiwahitaji.

Ndiyo maana palikuwa na kadi. Kila panya aliyepokea damu alikuwa na kadi mbele ya kizimba chake. Wa kwanza, aliyepewa kimelea kilichotoka kwenye tangi la baridi kali, alikuwa na kadi namba moja. Aliyepokea kutoka kwake, namba mbili. Ukutani palikuwa na karatasi kubwa iliyoandikwa na mwanafunzi mwenyewe: Ukifika kadi ya tano, simama. Mwite fundi wa maabara. Anza upya kutoka kwenye tangi. Kadi za panya waliokwisha zilichomwa kwenye msumari uliokuwa kando ya dirisha.

Mwishoni mwa Juni mwanafunzi alisafiri kwenda kujifunza mashine za huko ng'ambo, na akamwachia mama mkwe wangu kimelea chake. Alimwachia bunda la kadi mpya zenye namba, zimefungwa kwa mpira.

Sasa lazima niseme jambo la Aprili mwaka huo.

Kwa Wakikuyu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la baba ya baba yake, na msichana wa kwanza jina la mama ya baba yake. Si jina tu. Mtu amerudi. Mwanangu wa kwanza alipewa jina la marehemu baba mkwe, na mama mkwe alimwita bwana yangu, mtoto wa miaka sita. "Bwana yangu, leo hukuniachia hata chai?" Mtoto alizoea, akamjibu kama mzee, na sote tulicheka. Wa pili alikuwa mvulana pia, akaitwa kwa jina la baba yangu. Mama mkwe alingoja. Mume wangu ni mtoto wake wa pekee. Hakukuwa na nyumba nyingine ambayo jina lake lingeweza kuingia.

Msichana alizaliwa mwezi wa Aprili, 1998. Mama mkwe alimpokea mikononi, akamwangalia uso, akasema, "Nimefika." Mtoto aliishi siku kumi na moja. Ilikuwa kifua. Mimi nilifanyiwa upasuaji wiki hiyo hiyo na nikaambiwa sitazaa tena. Mama mkwe hakunilaumu, hata kwa macho. Alinipikia uji wa wimbi mwezi mzima. Nilirudi kazini mwisho wa Mei.

Nakumbuka ilikuwa Julai, Jumatatu, kwa sababu alikuwa ameshadunga panya mpya na sindano ilikuwa bado kwenye bakuli. Nilikuwa nikisugua vizimba. Nilimwona akienda kwenye msumari, akatoa kadi kuukuu, akaipangusa kwa pindo la koti lake, akaitia kwenye kizimba cha panya mpya. Ilikuwa kadi namba moja. Bunda la kadi mpya lilikuwa juu ya rafu, na mpira wake haujafunguliwa tangu alipotoa namba mbili.

"Mama, hiyo si imekwisha?"

"Hii ni ya cucu yake."

"Ya nani?"

"Ya nyanya yake. Yule wa kwanza alimpa damu wa pili. Wa pili amempa huyu. Sasa huyu ni nani, kama si yule wa kwanza?"

"Lakini daktari alisema namba zipande."

"Damu ni ile ile, muhiki. Mtu hatupi jina kwenye msumari."

Alisema bila hasira, kama mtu anayenieleza mahali chumvi ilipo. Halafu akamwekea panya maji.

Nilijua kosa lake. Sitaki mtu afikiri kwamba sikuelewa. Nimesoma hadi darasa la saba na karatasi ya ukutani niliisoma kila siku. Nilijua kuwa kwa njia hiyo kadi zitakuwa moja, mbili, moja, mbili, na ya tano haitafika kamwe, na fundi hataitwa. Nilisimama na brashi mkononi na nikaona kwamba nikisema neno moja zaidi nitakuwa nimemwambia kitu kingine kabisa, juu ya yule msichana. Nikainama nikaendelea kusugua.

Fundi alikuja kila Ijumaa kujaza kitabu cha kumbukumbu. Alinakili namba zilizokuwa kwenye vizimba, akasaini, akaondoka. Alipoona moja baada ya mbili alidhani kimelea kimeanzwa upya kutoka kwenye tangi, na tangi lilikuwa katika jengo jingine, chini ya mtu mwingine. Kwa hiyo kila mtu alikuwa ameandika. Kuanzia Juni hadi Oktoba kile kimelea kilipita kwenye sindano kila Jumatatu, na kila mara kadi ilisema bado ni kichanga.

Mwanafunzi alirudi katikati ya Oktoba. Alitazama kadi, ilikuwa namba mbili, akafurahi. Alimletea mama mkwe kitambaa cha kichwa cha rangi ya buluu. Alichukua damu ya panya huyo akaiingiza kwa panya wengi, akawatoa damu, akaichuja kwenye ile poda kwa siku mbili, akapata mirija yake sita. Wakati huo huo aliwalisha mbu kwenye baadhi ya wale panya, ili awaonyeshe wa ng'ambo kwamba kimelea chake bado kinapita kwa mbu. Walikuwa wamesisitiza hilo.

Siku ya kumi baada ya hapo alipasua matumbo ya mbu chini ya darubini. Nilikuwa nikipita na ndoo, nikamwona ameketi na mikono magotini.

"Hakuna kitu," alisema. Hakuwa akisema na mimi.

Akapasua wengine. Akatoa vioo vyote vilivyopakwa damu ya panya tangu Juni akavitazama kimoja kimoja, siku nzima. Vya Juni vilikuwa na wa kike na wa kiume. Vya Agosti alihesabu wachache. Vya Oktoba hapakuwa na mmoja. Aliwaandikia wa ng'ambo. Walijibu kwa upole kwamba hawawezi kungoja aanze upya, watapata DNA kwenye maabara nyingine. Jibu hilo ndilo lililofika asubuhi ya tarehe 18, naye akaenda kwenye sinki.

Msimamizi wa nyumba ya wanyama alituita sote ofisini: fundi, mwanafunzi, mama mkwe na mimi. Alikuwa mzee wa haki, Mkikuyu wa Gatundu. Aliweka kadi mbili mezani, zimechakaa, kingo zake zimekuwa laini kama kitambaa.

"Mama, hizi zimetumika mara ngapi?"

"Mara nyingi."

"Kwa nini?"

Mama mkwe alitazama kadi. Alikuwa na watu wanne mbele yake, wanaume watatu. "Zilikuwa bado nzuri," alisema.

Msimamizi akanigeukia mimi. "Wewe ndiwe unayeosha vizimba. Ulimwona akirudisha kadi?"

"Sikuona," nilisema.

Mama mkwe hakuinua kichwa. Mwanafunzi alitazama nje ya dirisha. Sauti ilitoka vizuri kabisa. Msimamizi akamwambia mama mkwe kazi yake imekwisha.

Tulirudi nyumbani pamoja siku hiyo kwa sababu niliomba ruhusa nimsindikize. Tulipofika katikati ya mibuni alisema, "Umefanya vizuri. Tungeenda wote wawili, bwana yangu angekula nini?" Akacheka kidogo. Mimi sikuweza.

Barua ilikuja wiki iliyofuata, kwa Kiingereza, ukurasa mmoja. Alinipa nimsomee, tukiwa tumeketi kwenye ngazi ya mlango. Nilimfasiria tarehe. Nilimfasiria kwamba kazi imekwisha na kwamba wanamshukuru kwa miaka yake. Katikati palikuwa na sentensi iliyosema kwamba mfanyakazi alirudia kadi za zamani kwa uvivu, ili kukwepa kazi ya kuweka mpya. Nikairuka.

"Hawakusema sababu?"

"Hawakusema."

"Barua ndefu hivyo?"

"Kiingereza hurefusha, mama."

Alinitazama, akaikunja. Jioni mume wangu alipotoka kiwandani Thika, alimpa yeye. Nilikuwa nje nikiosha sufuria, na nikamsikia mume wangu akisoma na kutafsiri neno kwa neno, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemwambia aruke. Alipofika kwenye ile sentensi akasita. Mama yake akasema, "Endelea." Akamaliza.

Hakuniuliza kwa nini nilimficha. Lakini kuanzia siku hiyo neno hilo, uvivu, lilikaa ndani ya nyumba. Aliendelea kuamka saa kumi na moja asubuhi kama zamani, na kwa kuwa hakuwa na pa kwenda alifagia ua. Alifagia hadi udongo ukaisha na mizizi ya ua wa michongoma ikatokeza. Jirani akipita akimsalimu alijibu, "Tuko hapa sisi wavivu." Watu walidhani anatania, wakacheka. Mwanangu mkubwa naye alijifunza, akamwita mvivu siku moja akimtania kama walivyozoea, na nilimchapa, jambo ambalo sikuwa nimewahi kufanya mbele yake. Mama mkwe akaniambia nimwache. "Bwana yangu anasema yaliyoandikwa."

Mara moja, mwezi wa Januari, alinisimamisha nikielekea kazini. Nilikuwa nimevaa buti.

"Huko wanaendelea kusema hivyo?"

"Hakuna anayesema, mama. Wamesahau."

"Karatasi haisahau. Ningetaka tu waandike vingine. Waandike nilikosa. Nilikosa kweli, yule kijana nilimharibia. Lakini si hivyo walivyoandika."

"Nitawaambia."

"Utawaambia nini? Wewe hukuona."

Alisema taratibu, na akanitengenezea kola ya koti. Nilikwenda kazini na sikuwaambia.

Alikuwa na presha kwa miaka mingi, na sitasema kwamba barua ndiyo iliyomuua, kwa sababu sijui. Mwezi wa Februari, asubuhi, tulimkuta ameanguka uani, ufagio chini yake. Aliishi siku tatu hospitalini bila kusema. Tulimzika kwenye ploti yake hapo Gatongora, nyuma ya nyumba. Mwanafunzi alikuja. Alisimama nyuma ya watu na mfuko wa sukari, na baada ya kaburi kufunikwa alinijia akasema kile kitabu cha fundi alikuwa akitumiwa nakala yake kila mwezi na hakuwahi kuifungua. Nadhani alitaka nimwambie kitu. Nilimwambia asante kwa sukari.

Nilikaa wiki tatu. Jumatatu moja mwezi wa Machi, kabla ya kuvaa koti, nilikwenda ofisini kwa msimamizi. Alinipa pole tena, akanionyesha kiti. Sikuketi.

"Nilimwona akirudisha zile kadi," nilisema. "Kuanzia Julai."

Alitua kalamu. "Ulituambia hukuona."

"Nilidanganya."

"Mama amezikwa. Kwa nini unaleta haya sasa?"

Nikamweleza kwa nini mama mkwe alifanya vile. Nilimweleza juu ya msichana, na siku kumi na moja, na kadi ya nyanya kwenda kwa mjukuu. Nilieleza vibaya, nikirudi nyuma na kwenda mbele. Yeye hakuhitaji kufafanuliwa desturi. Aliniuliza jambo moja tu, kama yule mtoto alikuwa ameshapewa jina alipokufa, nikasema ndiyo. Alisugua paji la uso.

"Unataka nini, mama watoto?"

"Ile sentensi itoke."

"Barua ya mtu haiwezi kubadilishwa baada ya kutumwa. Naweza kuweka maelezo yako kwenye faili lake. Lakini sikiliza vizuri. Pale pameandikwa uvivu. Nikiandika unavyosema, itakuwa ni makusudi. Mtu aliyejua sheria na akaivunja akijua. Hilo ni kosa kubwa kuliko uvivu. Kwa karatasi, utakuwa umemharibia zaidi."

"Andika makusudi."

"Na wewe ulijua ukanyamaza, kisha ukadanganya mbele ya watu. Hilo nalo litabidi liandikwe. Unajua litafuatwa na nini."

"Najua."

Kisha akavuta karatasi akaandika kwa mkono, polepole, kwa Kiswahili, ili niisome mwenyewe bila shida. Aliandika kwamba marehemu alirudia kadi kwa makusudi, kwa sababu ya imani yake na msiba uliompata, na si kwa uvivu. Aliandika kwamba mimi niliona tangu Julai na sikuripoti, na kwamba nilikana nilipoulizwa. Niliisoma mara mbili. Hapakuwa na neno lililozidi. Nikaweka sahihi, naye akaweka yake, akatoboa karatasi na kuitia kwenye faili la mama mkwe, juu ya ile barua.

Halafu akaniandikia barua yangu, ya kuachishwa kazi. Aliniambia nirudishe vifaa.

Nilikwenda stoo na koti na buti. Mwenye stoo aligeuza buti akazitazama soli, akasema ya kushoto imetoboka, akaandika hivyo kwenye daftari lake na kuniambia nisaini hapo chini. Nikasaini.